Pamba ya Bibi Mokami

Robi, yule mzee hana haya! HANA!

Shangazi Philomena anapasuliwa tena. Titi la bandia limepasuka ndani, linatolewa awekewe lingine. Kwenye kikao cha ukoo cha kuchangia matibabu yake hapa Mugumu, Mzee Nyangwine akacheka: "Ana wajukuu, titi la nini?" Titi la nini, Robi!

Bibi Mokami, mama wa shangazi, akasimama. Enzi za ujamaa naye alikatwa titi kwa uvimbe, akawa anajaza sidiria pamba ya mto wake mwenyewe. Nyangwine, wakati huo mwenyekiti wa kijiji, akamwita mwizi wa pamba ya shamba la ujamaa. Akamwamuru aitoe mbele za watu.

Akaitoa. Mzee akaitia kwenye gunia la kijiji!

Leo bibi kamkazia macho: "Shemeji, pamba yangu hukunirudishia. La mwanangu huligusi."