Magunia Kwenye Ukumbi wa Baba

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Wameyaleta. Mahindi, malori kwa malori, na jioni hii nusu ya ukumbi wa Baba imejaa. Nilisimama mlangoni nikawaangalia makuli wakipanga magunia pale pale watu walipokuwa wakikaa. Sikulia. Nimerudi nyumbani, nimeosha vyombo, nimekaa kuandika.

Mama anasema tushukuru, bora mahindi kuliko popo. Kweli, ukumbi umekaa bure tangu jenereta ilipokufa na Baba naye akafuata. Lakini mahindi hayapigi makofi!

Jumatano, 6 Oktoba

Nimekwenda kumwona Leonidasi. Ndiye msimamizi wa maghala ya serikali sasa — ana ofisi, ana karani, ana pazia dirishani.

"Karibu, Ndugu Kuruthumu."

Ndugu! Huyu huyu aliyekuwa akiniita Kuru na kunikanyaga vidole jukwaani. Kasulu nzima haijapata mchekeshaji kama yeye. Alikuwa akichungulia tu pembeni, kabla hajafungua mdomo, akina mama wanafuta machozi kwa kicheko.

Leo hata tabasamu hakuna. Mahindi mengine yanakuja kutoka Kasanda, kasema, lazima yapate mahali kabla mvua hazijakolea. Kwa hiyo tarehe kumi na nane mafundi wanavunja jukwaa, ipatikane nafasi.

Kuvunja jukwaa! Nikamwambia basi Jumamosi kabla ya hapo tunacheza mchezo.

"Mtachezaje? Ukumbi umejaa magunia."

"Watu watakaa juu ya magunia."

Hawezi kuruhusu, kasema. Nikamjibu sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kumwalika. Nikaondoka. Mgongo niliunyoosha mpaka barabarani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Bazilio amekubali! Nimemkuta sokoni na mihogo yake. Alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, akafika hapa na mke na nguo za mwilini. Baba akampandisha jukwaani hata Kiswahili hakijakaa sawa mdomoni. Sasa analima kule Munanila. "Ego, ndiyo dada, nakuja." Hakuuliza hata tunacheza nini.

Immakulata muuza maharage naye yumo. Ila mumewe asijue mpaka siku yenyewe.

Tutacheza ule wa mume mvivu anayejifanya mgonjwa kila msimu wa kulima. Bazilio mume, Immakulata mke, mimi mama mkwe. Mkwe mkali! Hiyo kazi naiweza.

Jumapili, 10 Oktoba

Mazoezi uani kwetu. Bazilio amesahau maneno yote, anatunga mapya, tena matamu kuliko ya zamani. Immakulata kacheka mpaka kakaa chini.

Mama katoka jikoni na mwiko mkononi, akaanza kusimulia. Baba alivyokuja kutoka Ujiji akiuza chumvi na kanga, watu wakamshauri ajenge duka kubwa. Akafyatua matofali, akajenga ukumbi! Wakamwona kichaa. Halafu wote wakaja — harusi, ngoma, maigizo, senema juu ya shuka. Lori la tumbaku la Kibondo lilikuwa likishusha watu kuliko tumbaku.

Kisha? Ikaja gari ya senema ya bure, inaonyesha uwanjani. Vijana wakataka dansi tu. Bati likaanza kuvuja, Baba akaanza kukohoa. Ukumbi haukufa siku moja, kasema Mama.

Nikamwambia haujafa, Mama. Kanitazama. Karudi jikoni. Baadaye kaniletea kanga yake nzuri ya kuchezea.

Jumatano, 13 Oktoba

Mvua. Jukwaa limelowa. Nimeingia kwa mlango wa nyuma — ufunguo bado tunao, na Leonidasi anajua. Hajabadili kufuli. Amesahau? Sijui. Nimepiga deki mpaka mbao zikang'aa. Mbao nzima kabisa hizi! Mchwa hawajazigusa.

Jumamosi, 16 Oktoba

Naandika nyuma ya pazia, daftari gotini. Zamu yangu bado kidogo.

Wamejaa! Nilijua watakuja, lakini si hivi. Wanawake wametoka hata Kabanga, kwa miguu. Wazee wamekaa magunia ya chini, watoto wamepanda juu kabisa, wanagusa bati. Milango yote wazi, jua la alasiri ndilo taa yetu. Bazilio yuko kitandani anaugulia, Immakulata anamtafutia jembe. Watu hoi.

Sasa honi nje. Lori la Kasanda! Mbona leo?

Leonidasi ameingia. Anapita katikati ya watu, uso umekunjamana. Anapanda jukwaani. Ameinua mkono watulie — anataka kuwafukuza, najua.

Kicheko! Watu wamemkumbuka. Zamani katika mchezo huu yeye ndiye alikuwa shemeji mlevi, na wanadhani ndiyo anaingia. Bibi mmoja anapiga kigelegele.

Bazilio hapotezi muda. Anainua kichwa kitandani: "Shemeji! Nimeugua mpaka nimekonda, ndiyo unafika saa hizi?"

Ukumbi unatikisika. Leonidasi ameduwaa. Anamtazama dereva mlangoni. Anawatazama watu juu ya magunia yake. Ameniona mimi penye upenyo wa pazia.

Honi tena, ndefu.

Kofia ameivua. Mguu mmoja umeanza kuyumba, taratibu, kama wa mtu aliyetoka kilabuni —

Immakulata ananiita jukwaani. Naingia!