Diski ya Namba Moja

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Sare za shule tena. Kola, kola, kola. Uzi wa bluu umeisha mchana, nikamalizia kwa mweusi. Hauonekani sana. Vumbi limeingia mpaka ndani ya cherehani.

Bwana Karim, mwenye duka ninaloshonea barazani kwake, ametoka na kifurushi kilichopitia sanduku lake la posta. Kimetoka Marekani. Ni yule mama aliyekuja Katoro na kamera mwaka juzi kuwarekodi wachimbaji wadogo. Anasema filamu imekamilika na mume wangu Luhende yumo, anaongea. Hajui kuwa Luhende amekufa. Hajui kuwa udongo ulimfukia shimoni miezi michache baada ya wao kuondoka.

Ndani kuna diski moja inayong'aa. Sikushona tena.

Jumanne, 3 Agosti 1999
Mambo madogo yake ninayo. Alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa chai yenye chumvi. Alivua viatu mlangoni na kuvipanga vikitazama nje. Sura ninayo, picha iko ukutani. Sauti sina. Ilipotea polepole, sikujua inaondoka. Mwezi uliopita Nkwimba aliniuliza baba yake alikuwa anaongeaje. Nikajaribu kumwigiza. Ikatoka sauti ya shemeji Maganga. Nililia jikoni.

Nataka kumsikia. Basi.

Alhamisi, 5 Agosti 1999
Bwana Karim ana kompyuta chumba cha nyuma. Anapigia barua za biashara, na inacheza hizi diski za filamu, DVD. Ameingiza yangu. Kompyuta imekataa.

Amenieleza. Kila diski ina namba ya sehemu ya dunia inakouzwa. Nyuma ya kasha kuna mchoro mdogo wa dunia, ndani yake namba moja. Ndiyo Marekani. Kompyuta yake iko kwenye tano, yetu sisi na Wahindi. Inaweza kubadilishwa, lakini mara tano tu, kisha inajifunga. Mwanawe Salim alipokuja likizo na filamu za Uingereza alibadilisha akarudisha, akabadilisha akarudisha. Imebaki mara moja. Ikienda kwenye moja, haitarudi.

Na filamu za namba tano ni za mkewe, Mama Salim. Magoti yake hayamruhusu kutoka nje. Dada yake humtumia kutoka Bombay. Wakifunga duka mchana nasikia nyimbo.

Nimemwambia Bwana Karim aache tu. Akaacha. Nimemchukia mpaka jioni, naye hana kosa.

Jumapili, 8 Agosti 1999
Nane Nane. Maduka yamefungwa. Nkwimba ameuliza kama kweli baba yumo humo ndani. Nimesema yumo. Akaigeuza diski, akajiona uso wake mwenyewe. Nimeiweka chini ya vitenge.

Jumatano, 11 Agosti 1999
Bwana Karim amepiga simu Mwanza kwa binamu yake. Hakuna anayemjua mwenye mashine ya namba moja. Fundi redio wa sokoni ameishika diski, ameinusa, amesema niiache kwake wiki moja. Sikumwachia.

Kazi mbovu leo. Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Alhamisi, 12 Agosti 1999
Nimemwota. Anaita kutoka shimoni, mdomo unafunguka, hakuna kinachotoka. Siku mbaya.

Ijumaa, 13 Agosti 1999
Mama Salim ameniita ndani. Alikuwa amenyoosha miguu juu ya stuli. Nikamwamkia, akaitikia.

"Umenuna wiki nzima, Mama Nkwimba. Hata cherehani yako inalia kama iko msibani. Karim ameniambia. Kwa nini hukuniomba?"

"Ni filamu zako, mama."

"Filamu zangu zote najua mwisho wake. Wanaoana, mama mkwe analia. Leta huyo mumeo nimwone."

Bwana Karim akamkumbusha kuwa mashine haitarudi tena.

"Nimesikia. Mabovu ni magoti, si masikio."

Ni kesho, wakishafunga. Nije na mtoto. Nimeshukuru vibaya. Sasa naogopa. Labda wamemwonyesha kisogo tu.

Jumamosi, 14 Agosti 1999
Bwana Karim alibonyeza. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Akamtazama mkewe. Akabonyeza tena.

Filamu ni ya Kiingereza. Matope, kamba, mashine za kusaga mawe, watu nisiowajua. Nilikaribia kukata tamaa. Kisha yeye. Asubuhi, mbele ya shimo lake, kofia mkononi.

"Mwangaluka," akasema. Akanyamaza.

Nilijua anangoja nini. Kwetu Usukumani ukimsalimu mtu huanzi habari yako kabla hajaitikia. Wale wageni hawakujua. Hakuna aliyemjibu. Akabaki anaitazama kamera kwa adabu yake ile, anangoja.

"Mwangaluka, baba," nikaitikia. Sikukusudia.

Akatikisa kichwa kama aliyesikia, akaanza kuongea. Papo hapo sauti ya Mzungu ikamfunika kwa Kiingereza. Mdomo wa Luhende uliendelea kwenda chini ya sauti ile mpaka alipotoka. Bwana Karim akatafuta lugha nyingine kwenye diski. Kifaransa kipo. Kihispania kipo. Maneno yake mwenyewe hayakuwekwa.

Neno moja. Mashine ya Mama Salim imefungwa moja kwa moja kwa ajili ya neno moja. Nimeona aibu, nimeumia.

Lakini ni sauti yake. Nyembamba kuliko nilivyodhani, na mwisho wa neno anauvuta kidogo. Si ya Maganga hata kidogo. Tuliirudia. Mara ya tatu Nkwimba aliitikia kabla yangu.

Jumanne, 24 Agosti 1999
Baridi asubuhi. Nimefika Bwana Karim anafungua milango.

Diski nimeiacha kwao. Hakuna nyingine inayoingia kwenye mashine ile sasa. Mchana sisikii nyimbo tena. Nasikia mawe yakisagwa.

Nilikuwa nafunua cherehani Mama Salim akajikokota na fimbo mpaka dirishani. Miaka yote mimi mdogo ndiye ninayeanza, shikamoo, naye marahaba. Leo kaanza yeye.

"Mwangaluka," akasema, akiuvuta mwisho vilevile. Kisha akanyamaza, mikono juu ya fimbo, ananitazama.

Nikamwitikia.

Ndipo akaanza kunieleza habari za magoti yake.