Ayuma Alikuwa Anameza

Pascalia, niko hospitali na Ayuma. Anatapika tangu saa nane mchana.

Ni ile boksi ya sayansi shangazi yake alimletea, ya kukuza punje za kemikali ya buluu kwa uzi ndani ya glasi. Imeandikwa usionje. USIONJE!

Jana babake, Shikanga, alitoka kiwanda cha sukari, akachukua punje, akaisugua kwa vidole, akalamba, akatema. Vile wao hupimanga sukari kazini. Akamwambia mtoto, "Hii bado haijaiva."

Alilamba mbele ya mtoto, Pascalia!

Basi leo Ayuma ameshinda akionja aone kama imeiva. Lakini hakuwa anatema. Alikuwa anameza.

Saa hii ako na dripu. Anamuuliza Shikanga, "Baba, sukari yangu imeiva?"