Baba, Haikuwa Salfa

Kumbukumbu ya Mzee Erasto Chilumba wa Mnyambe, Newala

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ya Novemba ulipotutoka, korosho zikiwa zimeanikwa uani na hakuna aliyekumbuka kuzianua. Zikanyeshewa mpaka zikaota. Ungekuwepo ungetugombeza sote, kuanzia Mama mpaka kuku.

Tunakuandikia sisi wanao. Priska ndiye ameshika kalamu, kwa kuwa ndiye mwalimu, lakini maneno mengi humu ni ya Mama. Amekaa jikoni kwenye kigoda, anakata kisamvu, anasema, nasi tunaandika. Akifika mahali pagumu anachukua fungu jingine la majani. Tunamngoja.

Tuanze na yale uliyopenda kuyasikia. Mnyambe nzima hakuna aliyejua kupulizia mikorosho kama wewe. Juni ikiingia ulikuwa unaamka alfajiri, umande ukiwa bado majanini, kwa sababu salfa, ule unga wa kuua ukungu wa mikorosho, inataka jani lenye unyevu ndipo ishike. Unabeba mashine mgongoni, unaondoka unapiga mluzi. Ile mikorosho ya babu uliiamkia shikamoo, mmoja baada ya mwingine, halafu unajiitikia mwenyewe marahaba kwa sauti nene. Saa tatu unarudi wa njano kuanzia kope hadi kucha za miguu, unajifanya zimwi, nasi tunakimbia kuzunguka nyumba. Petro alikuwa anakimbia huku analia, na kesho yake yeye ndiye wa kwanza kukusubiri barazani.

Hukuwa na kinyongo na mtu. Wajane watatu wa mtaa wetu uliwapulizia mashamba yao kila msimu bila kudai hata kikombe cha uji. Kanisani ulikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na mmoja, na kila Jumapili ulianza wimbo kabla ya kwaya, kwa besi lako hilo, mpaka mwalimu wa kwaya akawa hataki kukuona. Mama anasema hata sasa wimbo ukitajwa huwa anangoja kidogo. Hakuna anayewahi siku hizi.

Na ulikuwa unakunywa, Baba. Mwaka jana hatukuliandika hilo, mwaka huu Mama amesema liandikwe.

Ulianza kama wengi wanavyoanza huku kwetu. Anayepulizia salfa anaambiwa lazima aoshe kifua, na kifua kinaoshwa kwa nipa, ile pombe kali ya mabibo, matunda ya mkorosho, glasi moja ukitoka shambani. Hakuna anayeuita huo ulevi. Wewe nawe ulianza na glasi moja, msimu wa kupulizia tu. Baadaye zikawa tatu. Kisha ikafika Januari moja, salfa hata ghalani haijaletwa, na kifua chako bado kinataka kuoshwa. Tulicheka sana siku ile, na Mama alicheka nasi. Anasema ilikuwa rahisi kucheka kuliko kukuuliza.

Juni ya mwaka jana miguu ikaanza kuvimba. Aliyeona kwanza ni Mama, jioni moja akikuvua viatu vya mpira ambavyo vilikataa kutoka. Alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akakiondoa, shimo likabaki pale pale. Akalitazama hadi lilipojaa taratibu. Ukamwambia ni salfa. Majirani wakasema salfa. Tumbo likafuata, likawa limejaa na kung'aa, halafu macho yakawa ya njano, na hapo kila mtu akapata uhakika, maana salfa nayo ni ya njano. Nani angebisha? Ulinyweshwa maziwa, ukaoshwa miguu kwa maziwa, na jioni ukaongezewa glasi ili salfa ilainike itoke.

Mwisho wa Julai Mama alikupeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alikupima damu, akakutoa maji tumboni beseni zima, akakuuliza unakunywa nini na kwa kiasi gani.

"Kidogo tu, daktari," ukasema. "Ya kuosha kifua."

Akakutazama, akamtazama na Mama. "Mzee wangu, salfa haihusiki na miguu yako. Ini limeharibika, na limeharibiwa na pombe. Ini likichoka, maji yanakaa miguuni na tumboni, na macho yanakuwa hivi. Ukiacha kabisa kuanzia leo, tuna pa kuanzia. Ukirudia, hata kwa glasi moja, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Mlirudi kwa gari la abiria. Mlipoteremka njia panda, Mzee Rajabu alikuwa amesimama anawangoja. Kwa msomaji asiyemjua, huyu ni jirani yetu na rafiki yake Baba tangu utotoni, Mwislamu safi ambaye tone la pombe halijagusa ulimi wake. Akauliza, "Haya, wamesemaje?"

Uliinamisha kichwa, Baba. Mama aliona unauficha mfuko wa dawa nyuma ya mgongo. Mzee wa kanisa mzima, umesimama barabarani kama mtoto aliyevunja chungu. Mama akajibu kabla hujafungua mdomo.

"Wamesema ni salfa, shemeji. Imemwingia sana."

Ukamshika mkono. Mbele za watu, mchana kweupe, kitu ambacho hukuwahi kukifanya tangu siku ya harusi yenu. Mama anasema alitembea hadi nyumbani akiwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo inayomuuma.

Siku kumi na tisa hukunywa, na hilo tunataka watu walijue. Ulikunywa dawa zako, ulikula mboga isiyo na chumvi ukiilalamikia kila mlo, tumbo likaanza kushuka, kandambili zikakuingia. Ulikuwa unaweza. Lakini kijiji kilikuwa kimeambiwa ni salfa, na huku kwetu mgonjwa wa salfa hatembelewi mikono mitupu. Walikuja asubuhi, walikuja jioni, kila mmoja na kichupa chake cha nipa kwenye pindo la kanga. Mama alipokea, akashukuru, na wakishaondoka akaenda kuvimwaga nyuma ya choo. Angekataaje? Angewaambia sababu gani?

Siku ya ishirini Mama alikwenda Mkunya kwenye msiba wa shangazi yake. Aliporudi alasiri alikuta baraza imejaa wageni. Mzee Rajabu akainuka kumpokea mzigo, uso umemchanua. Siku hiyo alikuwa amekwenda kununua mwenyewe, yeye asiyekunywa. Alikwenda kwa mpika pombe na chupa ndani ya kanzu, akapita njia ya nyuma kama mwizi wa kuku, akajitia aibu yote hiyo kwa ajili yako.

"Shemeji," akasema, "leo dawa ameikubali. Nusu chupa nzima!"

Wewe ulikuwa umekaa mkekani, huinui macho.

Mama anasema neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Wageni walikuwa sita. Angelitoa, wangejua wote, na wewe ungebaki umekaa pale pale mkekani wakikutazama. Akalimeza. Akasema, "Ahsanteni."

Hapa kisu kimesimama na kisamvu kimeachwa, Baba. Tumekaa naye.

Baada ya siku ile hukuacha tena. Dawa zilikaa dirishani. Miguu ilirudi ikiwa mizito kuliko mwanzo, na mwishoni Mama alikuwa anakugeuza kitandani kwa shuka. Alhamisi ulitapika damu, Jumamosi ukaondoka. Makaburini ikasomwa kwamba umefariki kutokana na salfa. Mzee Rajabu alishika jembe tangu kaburi linaanza hadi linafukiwa, akawa anamwambia kila mtu kwamba walau alijitahidi alivyoweza.

Huu mwaka Mama ameuishi peke yake. Priska anafundisha Lulindi, Petro yuko Masasi mjini, Veridiana ameolewa. Tukipiga simu anasema hajambo. Hakutuambia kwamba bado hajapata kipimo cha ugali wa mtu mmoja, kwamba unabaki kila siku na kuku wamenenepa. Hakutuambia kwamba msimu wa mabibo ukianza anafunga dirisha, na harufu inaingia hivyo hivyo. Watu wakimpa pole ya salfa anaitikia, na kila akiitikia anazidi kuwa peke yake, maana wao wanamlilia mtu mmoja na yeye anamlilia mwingine.

Angekaa na siri hiyo hadi kufa kwake kama si Baba Mdogo Edmund. Mashine yako aliichukua yeye, na amepulizia nayo msimu mzima. Mwezi uliopita Mama alikutana naye mlangoni mwa kanisa, akaona miguu imevimba juu ya viatu. Akainua macho kumtazama usoni, akayaona na macho yamekuwa ya njano.

"Ah, shemeji, ni salfa tu," Baba Mdogo akacheka. "Ya ukoo hii. Bahati nzuri Mzee Rajabu ananiletea dawa."

Kesho yake Mama alitoka asubuhi bila kunywa hata chai. Alimkuta Baba Mdogo barazani kwake, Mzee Rajabu pembeni yake, chupa katikati yao. Walimkaribisha kiti akakataa. Aliwaambia akiwa amesimama, mikono imeshika nguzo.

"Erasto hakufa kwa salfa. Daktari alisema ni ini, na ini liliharibiwa na pombe. Mimi ndiye niliyesema salfa. Wewe Edmund, ulicho nacho ni hicho hicho."

Baba Mdogo alipandwa na hasira hata akashindwa kusimama. "Umengoja kaka yangu aoze ndipo umwite mlevi? Toka kwangu, Mama Priska! Toka!"

Mzee Rajabu hakupaza sauti. Alikuwa anaitazama ile chupa. "Shemeji," akasema, "kwa hiyo nusu ile niliyompa mimi..."

"Wewe ulimpa dawa, shemeji. Hukujua. Aliyejua ni mimi, na mimi ndiye niliyekushukuru."

Mzee Rajabu akainuka, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hajakanyaga uani kwetu. Salamu ya asubuhi, ile aliyokuwa akiipitisha juu ya ua kila siku kwa miaka thelathini, imekatika. Kanisani kina mama wamegawanyika, na walio wengi hawapo upande wa Mama. Wanasema mke mwema huzika na siri.

Ndipo alipotuita sote watatu, akatuambia. Petro hakutaka iandikwe. Alisema, "Mama, watamcheka Baba."

Mama akamjibu, "Wamcheke. Kuna watu wana miguu kama yake hivi sasa, wanaoshwa kwa maziwa na kupewa glasi. Andika ini."

Tumeandika, Baba. Tunajua ungeona aibu. Tumeona afadhali aibu hii ikupate wewe ambaye haikudhuru tena kuliko Baba Mdogo akufuate na jina la salfa mdomoni. Tusamehe. Na kama huko uliko unaweza kumwambia Mama neno, mwambie, kwa sababu sisi tukimwambia tumemsamehe anaitikia tu kwa kichwa na kuendelea kukata mboga.

Hatujamaliza. Jumatatu ya wiki mbili zilizopita Mama alikuwa anafagia mbele ya nyumba akasikia pikipiki. Ilikuwa ya Mzee Rajabu, na nyuma yake amempakia Baba Mdogo, amevikwa koti, miguu inaning'inia. Wanaelekea Newala mjini, hospitali. Walirudi mchana, na mfuko wa dawa alikuwa ameushika Mzee Rajabu mwenyewe kwenye usukani. Jumatatu iliyofuata wakaenda tena. Mke wa Baba Mdogo amemwambia Veridiana kwamba chupa zote alizivunja Mzee Rajabu, na wageni anawazuia yeye, anasimama barabarani kabla hawajafika mlangoni na kuwaambia ugonjwa ni ini. Neno alilolimeza Mama, yeye analisema kwa sauti kubwa.

Njia ya kwenda mjini ni moja, lazima wapite mbele ya nyumba yetu. Leo wamepita tena. Mama alikuwa ameshatoka nje mapema, amejifunga kanga yake nzuri, amesimama. Mzee Rajabu alikaza shingo, hakugeuka. Baba Mdogo naye alitazama mbele. Vumbi lilipotulia Priska akamuuliza kama ameumia.

"Wasinitazame," Mama akasema. "Mradi wanapita."

Ibada ya kukuombea itakuwa Jumapili hii baada ya misa ya pili, kisha chakula nyumbani. Hakutakuwa na pombe, na atakayekuja nayo kichupani tutamrudisha njia panda kwa heshima zote.

Unakumbukwa na mkeo Winfrida. Na wanao Priska, Petro na Veridiana. Na wajukuu zako wanne. Na mdogo wako Edmund, ambaye hakujibu tulipomuuliza kama jina lake liwekwe, nasi tumeliweka. Na rafiki yako Rajabu, ambaye hatukumuuliza.

Uliugua ini, Baba, na pombe ndiyo iliyokuua. Tulikupenda hivyo hivyo, na hivyo hivyo tutakukumbuka siku zetu zote.