Vidonge Chini ya Leso

Jumatatu, 7 Julai
Mafuta ya ufuta yamekwisha. Nimekanda watatu tangu asubuhi, vidole vinaniuma. Wa mwisho Zuhura, mwari wangu; mimi ndiye somo wake, niliyemfunda wiki ya harusi yake. Miaka saba sasa. Ana mimba ya wiki nane. Mbili za kwanza ziliporomoka. Tumbo sikuligusa, nimempaka miguu tu. Nikajisifu: mkono wangu ndio ulioinua kizazi chake.

Alhamisi, 10 Julai
Damu. Mumewe amenipigia kabla ya adhuhuri. Nimetoka Kibokoni mpaka Tononoka na kandambili za msalani miguuni. Nimemkuta Zuhura amekalia ndoo iliyopinduliwa, anafua leso yake mwenyewe. Nimemnyang'anya. Mimba imetoka yote.

Ijumaa, 11 Julai
Sina la kuandika.

Jumanne, 15 Julai
Hospitali. Mumewe yuko zamu bandarini, nikaingia na Zuhura mimi. Daktari ni mama wa bara, mpole. Amefungua faili la mwezi wa nne, kabla ya mimba hii. Walikata kinyama kidogo ndani ya kizazi wakakipima, wakaona ngozi ya ndani imefura. Hakuna homa, hakuna maumivu, mwenyewe hajui. Lakini mimba huenda isishike hapo, au ishike kisha iponyoke. Ndiyo maana alimpa vidonge vya siku kumi na nne, kisha apimwe tena kabla ya kutafuta mimba.

Akamuuliza, "Ulivimaliza?"

Zuhura akatazama mkoba wake. "N'lisahau, daktari."

Hakusahau. Vidonge viko kwangu. Siku ya tatu alikuja akilalamika kichefuchefu, nikavichukua. Nikamwambia kizazi kimeteremka tu, atulie nimkande, dawa za hospitali na mkono wa somo havikai pamoja. Mwari habishani na somo wake. Leo amekanywa kama mtoto mzembe, nami nimeketi kando na buibui langu lililopigwa pasi.

Jumatano, 16 Julai
Nimefungua kabati. Viko chini ya leso mbili nilizonunua Biashara Street, za arubaini yake atakapojifungua. Vidonge ishirini na viwili. Sijui kwa nini sikuvitupa.

Methali ya kwanza niliyomfunza ni mficha uchi hazai. Asimwonee haya mume, asimwonee haya tabibu. Jana ameuficha wangu.

Wateja wawili nimewarudisha.

Jumamosi, 19 Julai
Nilikwenda Tononoka kusema. Nimemkuta mama mkwe wa Zuhura sebuleni. Habari ya vidonge imemfikia.

"Mtu hata vidonge vinamshinda, mtoto atamuweza?" akaniuliza. Anataka mwanawe atafutiwe mke mwingine. Zuhura alikuwa jikoni, anasikia yote.

Nimekunywa chai. Nimekula na mahamri. Nimerudi nyumbani. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 22 Julai
Nimesema. Mbele ya daktari, mume na mkwe. Nimeviweka vidonge mezani, nikasema si yeye, ni mimi niliyemkataza.

Mume akatazama dirisha. Mkwe akasema, "Na sisi siku zote tukikuamini, Bi Rukia!" Hana kosa. Daktari anasema hata angevimaliza, hakuna wa kuapa kwamba mimba ingekaa. Alitaka kunipoza. Hainisaidii. Zuhura alikuwa na nafasi, nami nikaifungia kabatini.

Amepewa vingine, aanze kesho. Zuhura hakunitazama.

Jumapili, 27 Julai
Hajapiga simu. Sina haki ya kumpigia. Mama mmoja wa Mwembe Tayari amekuja kukandwa kizazi. Nimemuuliza kama amepimwa. Hajapimwa. Nimemwambia aende kwanza kwa daktari, akaondoka amenuna.

Jumatano, 6 Agosti
Mvua kidogo asubuhi. Nimefagia ngazi, nimeanika mashuka, yamelowa tena.

Alasiri Zuhura amekuja. Amekonda. Amefungua mkoba akaniwekea mezani pakiti za vidonge, tupu, kila tundu limepasuliwa.

"Nimevimaliza," akasema.

Nikamwambia Mungu amjaalie. Akaitikia amin. Hakuniita somo. Nikaenda kumtilia chai, niliporudi alikuwa ameshashuka ngazi.

Chai nimeinywa mimi. Pakiti nimeziweka kabatini, juu ya zile leso.