Nilimpiga Mkwe Wangu Akiita Kwale

Mpendwa mshauri Bi Thuraya, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana mke wangu Fakhriya huusoma ukurasa wako kabla yangu na huwacheka wote wanaokuandikia. Mimi ni mtu wa Unguja, nimefika Oman mwaka wa sabini na mbili, sasa ni karani hapa Ibra, nina miaka thelathini na nane, na tangu Machi sikai kitako. Nikikaa barazani nainuka, nikiinuka sina pa kwenda, juzi nimetoka na gari nikaaga kwamba nakwenda Sur kutazama mabati, nikafika Al Kamil nikageuza, na mabati yenyewe siyahitaji.

Kila mwaka baridi ikishapungua, kwale huwa wengi kwenye vilima nyuma ya mashamba ya mitende, na sisi watu watatu hutoka Ijumaa asubuhi kuwinda. Bingwa wetu ni Ami Khalaf, baba yake Fakhriya. Yeye huwaita kwale kwa mdomo, hujificha nyuma ya kichaka, akabana ulimi, akatoa sauti ya jike, na majogoo wanateremka mlimani wenyewe wamevimba vifua kama mabwana harusi. Kazi yetu sisi ni kukaa pale alipotupangia na kungoja. "Mtu hafuati sauti," hutwambia kila tukishuka garini. "Sauti yaweza kuwa miye." Wa tatu wetu ni Hamdun, kijana aliyekuja na wazee wake kutoka Bujumbura, fundi wa mashine za maji, na ndiye aliyemposa Badriya, mdogo wake Fakhriya, harusi ilikuwa iwe baada ya Idi.

Ijumaa hiyo nilikaa saa nzima sikupata hata unyoya, na upande wa pili wa kilima namsikia Hamdun kapiga mara mbili, roho ikaniwaka kwa wivu, nasema kweli. Ndipo nikasikia jike analia karibu, kama hatua thelathini, na Ami Khalaf tulimwacha mkunazini kule bondeni, kwa hiyo nikajiambia huyu ndege wa kweli, nikatambaa mpaka nyuma ya mgunga, nikaona kitu cheusi na cheupe kinatikisika juu ya jiwe, na jogoo wa kwale kichwa chake ndivyo kilivyo, nikasoma bismillahi Allahu akbar, nikapiga. Mimi huisoma kwa sauti, babu yangu ndivyo alivyonifunza, na Ami Khalaf hunitania siku zote kwamba ninawaadhinia ndege. Hamdun yeye huisoma moyoni. Basi wakati ule ule Hamdun naye akapiga tena, milima ikarudisha mshindo hata hujui upi wa nani, na mara nikasikia mtu anaguta na kile cheusi na cheupe kikaanguka, kumbe ni kilemba cha Ami Khalaf, kahama mkunazini bila kutwambia kwa sababu jua lilikuwa likimpiga usoni.

Bi Thuraya, sikumkimbilia. Niliokota ganda la risasi nikalitia mfukoni, nikazunguka kilima, nikatokea kwengine kama mtu anayetoka mbali. Nikamkuta Hamdun keshafika, kapiga magoti, bunduki kaitupa, analia, "Sori mzee, sori, nimekuua!" Na Ami Khalaf damu inamtoka begani na shingoni, anamtazama, anamwambia, "Si wewe, mwanangu. Tulia. Si wewe." Mpaka leo wanawake wa nyumbani wakiisimulia wanatokwa na machozi kwa wema wa yule mzee. Mimi nilishika miguu, Hamdun akashika mabega, tukampakia garini, na sikusema neno.

Alhamdulillah amepona, marisau, vile vipande vidogo vya risasi, yametolewa isipokuwa moja karibu na shingo ambalo daktari kasema liachwe, ila mkono wa kulia hauinuki, kilemba sasa anafungwa na mkewe. Hamdun ndiye aliyekuwa akimpeleka kubadilishwa bendeji kila siku mpaka kidonda kikafunga. Bunduki kaiuza. Watu wanasema huyu mtu wa bara, bunduki kaijulia wapi, na mimi, Mungu anisamehe, siku moja barazani nikasema, "Mkono wake mwepesi." Sasa kasema mwisho wa Shaabani anakwenda kufanya kazi Dubai, hawezi kuoa binti wa mtu ambaye yeye nusura amuue, na Badriya hali chakula. Na Ami Khalaf mwenyewe kila nikenda kumsalimia ananimiminia kahawa kwa mkono wa kushoto, ananiuliza, "Huna la kunambia?" Namwambia, "Kheri tu, Ami." Anasema, "Haya." Na juzi kasema siku atakayoweza kutoka tena kuwinda anataka mimi ndiye nikae ubavuni mwake.

Nikisema, Fakhriya atauweka wapi uso wake, na mzee huenda akanifungia mlango. Nikinyamaza, mzee kishapona, na Hamdun bado kijana, atapata mke mwengine. Naomba unishauri, maana ganda lile limo ndani ya mtoto wa meza ofisini na kila nikifungua kutafuta kalamu nalishika.

Mimi, Asiyekaa Kitako, Ibra.

*

Marahaba, mwanangu. Sikukucheka. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikataka kukuchapa, na ya tatu nikaona jambo ambalo wewe umeliandika kwa mkono wako na hukuliona.

Tuanze na la kuchapwa. Marehemu baba yangu alikuwa akiwinda kanga kule Pemba, na aliyefuata sauti porini alimnyang'anya bunduki msimu mzima, awe mwanawe awe mgeni. Wewe mkweo kakwambia kila Ijumaa usifuate sauti, ukaifuata. Umeona rangi, hukuona ndege. Ndege ana kichwa, ana kifua, ana miguu, na asiyeviona vyote hagusi kidole kwenye bunduki. Mkweo naye ana lake: aitaye ndege hahami alipoagana na wenzake, na akihama hupiga kelele kwa sauti ya binadamu, hata ndege wote wakimbie. Na mwambieni tangu leo awe anakaa ameegemeza mgongo kwenye jabali, na kilemba hicho cheusi na cheupe akiache nyumbani. Kuvaa rangi za kwale ukajificha ukalia kama kwale ni kujitafutia balaa. Haya, hilo ni kosa, na makosa hutokea. Lililokukosesha kukaa kitako si hilo.

Ni lile ganda. Risasi ilikutoka kwa pupa, lakini ganda uliliokota kwa akili zako timamu. Na kuzunguka kilima, mtu mzima, mkweo anavuja damu! Na hayo ya "mkono wake mwepesi" uliyasema ukiwa umekaa barazani, pengine na kikombe mkononi. Hamdun kabeba dhambi yako mpaka hospitali na kurudi, siku baada ya siku, na wewe ukamwongezea mzigo kwa sababu kwao ni Bujumbura na hana wa kumtetea. Umejiuliza Fakhriya atauweka wapi uso wake. Badriya je? Huyo hana uso?

Sasa lile usiloliona. Unaogopa mzee asije akajua. Mwanangu, ulikuwa hatua thelathini kutoka kwake. Ukasoma bismillahi kwa sauti ile ambayo miaka yote anakutania kwayo. Hamdun husoma moyoni. Unadhani yule mzee, aliyekaa kimya nyuma ya jiwe ametega masikio, alisikia nini kabla ya marisau kumfika?

Hakumwambia Hamdun "si wewe" kwa wema. Alikuwa akimwambia kweli, na nyote mkaona anampoza. Na tangu siku hiyo anakumiminia kahawa kwa mkono mmoja na kukupa nafasi. Huna la kunambia? Huna la kunambia? Mtu aliyetaka kukufungia mlango angekwisha kuufunga. Huyu anataka hata kukaa nawe tena ubavuni akiita ndege, na wewe unamjibu kheri tu.

Kwa hiyo usiniandikie tena. Gazeti hili huchelewa kufika kwenu na Shaabani haikungoji, basi ukifika hapa liweke chini, na hata kama Fakhriya keshalisoma kabla yako, mwambie yeye kwanza kwa mdomo wako, asiyasikie jikoni kwa watu. Halafu nenda ofisini ukachukue lile ganda, uliweke mbele ya mkweo, kwenye sinia la kahawa. Usilete habari za jua wala kilemba, yeye anazijua. Kisha mfuate Hamdun nyumbani kwao, mbele ya wazee wake, umwombe radhi na umwombe abaki, na akikutukana kaa usikilize mpaka amalize. Mwisho rudi kwenye baraza ile ile, kwa watu wale wale, uwaambie mkono mwepesi ulikuwa wako, si wake.

Bunduki yako mpe mkweo aiweke. Akikurudishia mwaka ujao au asikurudishie, hilo ni lake.

Siku ile ulilitaja jina la Mungu kwa sauti kubwa. Sasa nenda ukalitaje lako.

Bi Thuraya