Milango ya Mninga

Jumanne.

Milango ya makabati imeungua yote! Niliyatafuta hadi Laela makabati ya zamani ya mninga, ili jiko la nyumba ya mapadre tunayoikarabati lirudi kama lilivyokuwa.

Leo wanakijiji walinisaidia kuyaingiza ndani. Huku huwaiti watu kazini bila pombe ya ulezi, na jirani yetu Mama Kalista aliipika jana hapa uani. Tulipomaliza kunywa nikaulizia milango, niliyoing’oa juzi na kuiegemeza ukutani hapo uani.

“Kuni ziliniishia jana pombe ikiwa jikoni, mwanangu,” akasema Mama Kalista. “ Si mbao kuukuu zile? Wewe fundi, utachonga mipya.”

Mipya! Kwa mninga upi? Huu mbichi utapinda tu.

Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Na pombe yenyewe niliisifu mbele ya watu, nikaomba kata ya pili.